Mabaki ya Mwitaji

Jumatatu ile haikuwa na neno. Jua la kawaida, foleni ya kawaida, watoto wanalia katika ukumbi wa zahanati kama walivyolia Jumatatu zote. Fundi alifika saa mbili kasoro, akataniana na mlinzi getini, akatundika mkoba wake nyuma ya mlango wa ofisi. Ilipofika saa kumi jioni alikuwa ameiondoa programu iliyowaita wagonjwa wa zahanati hiyo kwa miaka minane. Ilikuwa kazi ya dakika tatu. Aliandika kwenye daftari lake la kazi: "Mwitaji imeondolewa. Mpya inafanya kazi." Akachora alama ya vema, akaenda zake nyumbani.

Daftari hilo ninalo mimi. Nimepewa na binti yake, ambaye sasa ni wifi yangu, na aliyeniomba niyaandike haya kabla hajabadili mawazo. Palipo na maneno ya Fundi mwenyewe nimeyaacha yalivyo. Kwingine nimesimulia kama alivyonisimulia binti, na wala sikuona haja ya kuongeza chumvi.

Fundi hakuwa na jina jingine pale kazini. Hata daktari mkuu alimwita hivyo. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwepesi wa mikono, mzito wa kufagia nyuma yake. Kompyuta alifundishwa na mzee mmoja aliyeitwa Mwalimu. Mzee huyo hakuwahi kushika chaki maishani mwake; alipewa jina hilo kwa sababu alimfundisha kila mtu kila kitu, utake usitake. Kompyuta zote za pale zilitumia mfumo uitwao Linux kwa sababu ndiyo Mwalimu aliyoipenda, na akishapenda kitu hapakuwa na mjadala.

Mwitaji waliitengeneza wawili hao. Mgonjwa akiingia aliandikisha jina mezani, akabonyeza kitufe cha printa ndogo mlangoni, akapata kikaratasi chenye namba yake, chumba chake, na mstari mmoja chini: "Walio mbele yako," kisha idadi. Zamu yake ikifika kengele ililia, na sauti ya Mwalimu, iliyorekodiwa kwa uangalifu, ikamwita kwa namba, kwa jina na kwa chumba. Mgonjwa alipaza sauti, "Nipo!" na muuguzi wa mezani akabonyeza. Asipoitika aliitwa mara tatu. Baada ya ya tatu Mwitaji haikubembeleza mtu, ilimruka na kumwita aliyefuata. Sheria hiyo aliiandika Fundi kwa mkono wake. Aliandika na nyingine ya huruma kidogo, iliyomruhusu mgonjwa kumpisha mwenzake, wabadilishane nafasi.

Siku ya kuijaribu walihitaji majina. Mafundi hufanya hivyo: huandika majina ya walio karibu nao. Ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana, watu wamekwenda kula, ukumbi mtupu. Mwalimu akajiweka wa kwanza. Wa pili akamweka Kamanda, mlinzi wa geti. Wa tatu Bi Sindano, muuguzi mkuu, ambaye alilijua jina hilo na kujifanya halijui. Kulikuwa na mtoto wa Fundi hapo, ametoka shule, miaka kumi na miwili na mdomo usiopumzika; ndiyo maana wakamwita Chiriku. "Na mimi! Na mimi!" akapiga kelele, akapanda kigoda na kujiandika mwenyewe. Fundi akajiweka mwisho.

Kilibaki chumba. Zahanati ilikuwa na vyumba sita kwenye korido moja ndefu, na baada ya cha sita ukuta, umepakwa rangi ya bluu nusu yake ya chini. Mwalimu akaandika chumba namba saba, ili orodha ya majaribio isije ikachanganyika na wagonjwa wa kweli. Akawarekodi wote watano kwa sauti yake. Kabla ya kila jina alikohoa, kwa sababu alikuwa mtu wa kifua, na jioni hiyo Fundi akakaa na kuvikata vikohozi vyote kimoja kimoja.

Miaka miwili baadaye Mwalimu alifariki. Fundi alikuwa likizo. Aliambiwa tu kwamba mzee amefia kazini, akalia, akarudi, akachukua kiti chake.

Sasa, kwenye Linux kuna namna mbili za kuiondoa programu. Ya kwanza inaitoa programu na kuacha mipangilio yake, ili siku ukiirudisha ikukute pale pale mlipoachana. Ya pili inang'oa na mizizi, na hata hiyo haigusi folda za watumiaji, hasa zile ambazo majina yake huanza kwa nukta na ambazo huzioni mpaka uamue kuziona. Fundi siku zote alitumia ya kwanza. Mwalimu alikuwa akimsema: "Binti, umetoa sufuria, umeacha masizi." Naye alikuwa akimjibu kwa kucheka, "Mabaki hayaumi mtu."

Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, ukumbi ulikuwa umetulia. Bi Sindano alikuwa mezani akipanga kadi. Kamanda alikuwa ameingia kunywa maji. Fundi alikuwa ofisini kwake na Chiriku, ambaye sasa alikuwa dada wa miaka ishirini anayeuza madaftari katika duka la ng'ambo ya barabara na kumletea mama yake chakula kila siku saa saba, wale pamoja. Kengele ikalia. Si kengele ya programu mpya. Ile ya zamani.

Kisha mtu akakohoa kwenye spika.

"Namba mbili. Kamanda. Chumba namba saba."

"Nipo!" Kamanda akaangua kicheko, maji yakimwagika kifuani. "Mwalimu ananitaka huyo! Mnasikia jamani? Hata huko hajaacha kutusumbua."

"Chumba namba saba kiko wapi?" Bi Sindano akauliza.

Fundi alitoka na kijiko mkononi. Akawaeleza kwamba kuna kitu kimebaki kwenye kompyuta, kisaa fulani cha majaribio kinachojiwasha chenyewe kwa saa yake, si jambo. Akapanda kiti, akachomoa waya za spika, akaishusha na kwenda kuiweka mezani kwake. Angeweza kusafisha saa hiyo hiyo. Lakini programu mpya ilikuwa inakataa kuchapa tarehe na daktari mkuu alikuwa amekwisha kuja mlangoni mara mbili. Akaandika: "Mabaki ya Mwitaji, kesho." Alipokaa tena kula, ndipo lilipomjia. Kile kikohozi alikwisha kukikata.

Jioni Kamanda hakuonekana getini. Walimkuta mwisho wa korido, baada ya chumba cha sita, ameketi sakafuni ameuelekea ukuta, mikono magotini, kama mtu aliyeambiwa asubiri kidogo. Alikuwa wa baridi. Daktari mkuu alisema moyo, na Kamanda alikuwa mtu mzima, kwa hiyo watu wakakubali.

Walimzika Jumatano asubuhi. Fundi alirudi kazini saa sita na vumbi la makaburini kwenye viatu, kichwa kizito. Alikusudia kuishika kazi ile baada ya kula. Spika ilikuwa pale pale mezani, waya zake zimezungushwa na kufungwa na mpira. Chiriku alikuwa akisimulia jambo la mteja mmoja mgomvi, anasimulia na kutafuna kwa pamoja, na Fundi akimtazama tu kwa sababu kumtazama kulimpumzisha.

Kikohozi kilitoka ukumbini.

Fundi akaitazama spika mezani. Haikuungwa na kitu chochote.

"Namba tatu," ilisema sauti ukumbini, mahali ambapo ukutani palibaki msumari mtupu. "Bi Sindano. Chumba namba saba."

"Nipo, nipo, nani tena?" akajibu Bi Sindano, kwa mazoea, kwa uchovu wa mazishi, kabla hajafikiri. Fundi alipofika mlangoni alimkuta bado ameshika kadi, anauangalia ule msumari.

"Bi Sindano," Fundi akanong'ona. "Leo usipite kule mwisho."

"Kule kuna nini, mwanangu?"

"Kuna ukuta."

"Basi kama ni ukuta tu." Alitaka kucheka, kicheko kikakataa.

Fundi hakurudi kwenye kompyuta. Aliogopa kumwacha mama wa watu. Alikaa naye mezani mchana wote, akijifanya anarekebisha printa mpya, na kila Bi Sindano alipoinuka naye aliinuka. Saa kumi na nusu mtoto mmoja alianguka ukumbini akapasuka paji la uso. Damu, kelele, mama yake anapiga mayowe. Bi Sindano akakimbilia bandeji chumba cha sita. Dakika moja, pengine na nusu. Fundi alikuwa amemshika yule mtoto.

Walimkuta mwisho wa korido. Ameketi. Ukuta mbele yake. Mikono magotini, na bandeji imeviringika hadi kwenye kona.

Usiku ule Fundi hakulala. Aliyakumbuka majina matano, lakini mpangilio ulimtoka kabisa. Alijaribu kumwona Mwalimu akiandika, alijaribu kuviona vidole vyake, akapata tu kigoda na mtoto aliyesimama juu yake. Asubuhi alimwambia binti yake, bila kumtazama usoni, "Leo usije na chakula."

"Kwa nini, Mama?"

"Usije tu. Na mtu akikuita, usiitike."

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote, Chiriku. Kwa mara moja katika maisha yako, nyamaza."

Hakuwahi kumsemesha hivyo. Binti aliumia, na akaona kwamba chai ya mama yake imebaki vilevile kikombeni.

Alhamisi zahanati ilikuwa kama nyumba yenye mgonjwa mahututi, watu wanatembea kwa ncha za vidole. Vifo viwili siku mbili. Daktari mkuu aliwakusanya wafanyakazi wote, maofisa nao wakaja, wakauliza maswali, wakaandika, wakauliza tena yale yale. Fundi alisema ana kazi ya haraka kwenye kompyuta. Wakamwambia akae. Alipoachiwa ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

Akaingia ofisini, akaurudisha mlango. Sasa alitumia ile amri ya pili, ya kung'oa na mizizi. Kompyuta ikamjibu kwa mstari mmoja: folda si tupu, haikuondolewa.

Akaifungua. Kulikuwa na faili la mipangilio, na juu kabisa, nyuma ya alama ambayo mafundi huitumia kuandikiana mambo ambayo mashine haiyasomi, kulikuwa na maneno. Aliyatambua kabla ya kuyasoma. Mwalimu hakuacha nafasi baada ya nukta, maisha yake yote.

"Binti.Usiiondoe.Leo nimeiondoa niweke toleo jipya,nikaacha mabaki.Programu ndiyo inayoizuia orodha ya majaribio.Ikitoka,orodha inaendelea yenyewe.Sina muda wa kuyasaka yote,nairudisha iizuie.Ukilazimika kuiondoa futa kila kitu siku hiyo hiyo kabla ya saa saba.Mimi nimeshaitika."

Tarehe yake ilikuwa siku aliyokufa. Fundi alilia hapo, kwa sauti ndogo, ngumi mdomoni. Mzee alimwachia maneno mahali ambapo fundi yeyote makini angeyakuta, na yeye hakuwahi kufungua.

Irudishwe basi, iizuie. Akakitafuta kifurushi cha kuirudishia. Hakikuwepo. Alikifuta yeye mwenyewe Jumatatu ile, kupata nafasi. Katika mambo yote ya Mwitaji, hicho peke yake ndicho alichokisafisha sawasawa.

Saa saba na dakika mbili. Akaifungua orodha.

Moja, Mwalimu, amehudumiwa. Mbili, Kamanda, amehudumiwa. Tatu, Bi Sindano, amehudumiwa. Nne, Chiriku, anasubiri. Tano, Fundi, anasubiri.

Akaifuta orodha. Akatazama tena, ipo. Akaifuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo mwenye mashine, akatazama, ipo, na mstari wa nne unamngojea. Kuna mahali pengine palipoirudisha kila ilipofutwa. Mahali pasipoonekana. Saa saba na dakika tano. Saa saba na sita. Akampigia Chiriku simu, ikaita, na aliisikia ikiita. Ilikuwa ikiita ukumbini.

"Nimekuja, Mama!" Sauti ile ya uchangamfu, viatu vinavyoburutwa, kifuniko cha bakuli kikigonga. "Unune usinune, utakula! Hodi humu! Mbona kumekuwa kimya hivi?"

Fundi alifungua kinywa kumwita. Akakifunga.

Akimwita, ataitika.

Saa saba na nane. Alikosea mara mbili kuandika. Orodha haikukubali kufutwa, lakini ilikuwa orodha ya Mwitaji, na Mwitaji ilikuwa na sheria zake, na mojawapo aliitunga yeye. Akaitumia ile ya kumpisha mwenzake. Nne na tano. Akahifadhi. Akatazama.

Nne, Fundi, anasubiri. Tano, Chiriku, anasubiri.

Ikakubali. Ikabaki hivyo.

Kengele ikalia. Safari hii kikohozi hakikutoka ukumbini. Kilikuwa nyuma ya kiti chake, karibu, kile kikohozi cha mzee anayesafisha koo kabla ya kusema jambo lisilompendeza.

"Namba nne. Fundi. Chumba namba saba."

Akauma mdomo. Hakugeuka. Si lazima kuitika. Wenzake waliitika kwa kutojua, yeye anajua. Atakaa kimya.

"Namba nne. Fundi. Chumba namba saba."

Damu ya mdomo ikamfika ulimini. Mara mbili. Ikifika ya tatu imekwisha, itamruka.

Itamruka.

Ule mstari aliuandika yeye mwenyewe, miaka minane iliyopita, akila karanga. Asipoitika mara tatu, aitwe anayefuata. Na anayefuata alikuwa ukumbini na bakuli la chakula, na hajapata kuitwa maishani mwake asiitike.

"Namba nne," ilisema sauti. Na kwa mara ya kwanza ilisitasita. "Fundi. Chumba namba saba."

"Nipo," akasema Fundi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Chiriku, bakuli mkono mmoja, kikaratasi mkono mwingine.

"Mama, unaongea na nani? Halafu ile printa ya zamani, ile iliyo sandukuni pale mlangoni, imetoa karatasi. Na haina hata waya!"

"Nipe."

Kikaratasi kilikuwa cha vuguvugu. Namba 5. Chumba 7. Walio mbele yako: 1.

"Ni nani aliye mbele yangu?" Chiriku akauliza. Alianza kuelewa, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mimi," akanong'ona mama yake. "Funga mlango. Keti hapa nikuone. Mtu akikuita leo, kwa sauti yoyote ile, hata kwa yangu, usiitike. Umenisikia?"

Chiriku akafungua kinywa aseme ndiyo. Kisha akakubali kwa kichwa tu.

Mchana ule, wifi yangu anasema, mama yake alifanya kazi kama hajawahi kumwona akifanya kazi. Hakuruka kitu. Alisoma kila mstari kwa sauti ya chini na kuandika kila hatua kwenye daftari. Akaunti ya Mwalimu ilikuwa bado ipo kwenye mashine, hakuna aliyeifuta. Mtu amezikwa miaka sita na bado ana mahali pake pa kuweka mafaili. Ndani yake kulionekana kutupu. Akaiamuru kompyuta imwonyeshe na vilivyofichwa. Ikatokea folda moja yenye nukta mbele. Humo ndimo orodha ilimokuwa ikizaliwa upya. Humo ndimo kilimokuwa kile kisaa cha saa saba na dakika kumi. Humo ndimo zilimokuwa zile sauti tano, na faili la sita ambalo hakuwahi kuliona, fupi sana, la urefu wa kikohozi. Akaliangalia bila kulisikiliza.

Akafuta. Akatazama. Haikurudi. Akafuta orodha kule kwingine, ikafutika kama faili jingine lolote. Akafuta mipangilio, na maneno ya Mwalimu baada ya kuyanakili daftarini. Akafuta akaunti. Kisha akaisaka mashine nzima kuanzia mzizi wake, kila jina lenye Mwitaji, linaloonekana na lisiloonekana, akarudia, akarudia tena. Hakuna.

"Imekwisha?" Chiriku akauliza kwa kunong'ona. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini.

"Orodha imekwisha. Hakuna atakayeitwa tena."

"Na wewe?"

Fundi aliandika kitu daftarini, akalifunga, akampa. Akamrekebisha mtandio begani kama alivyokuwa akimrekebishia sare za shule. "Nakupenda sana," alisema, waziwazi, yeye ambaye maneno hayo kwake yalikuwa ya kwenye redio. "Chukua vyombo. Nisubiri getini. Usigeuke nyuma."

Chiriku alisubiri getini. Alihesabu wagonjwa wa mwisho wakitoka. Saa kumi na moja na nusu alivunja amri akaingia.

Walikuwa wameshamkuta. Mwisho wa korido, baada ya chumba cha sita. Lakini Fundi hakuwa ameketi, wala hakuuelekea ukuta. Alikuwa amesimama, ameupa ukuta mgongo, mikono ameinyoosha huku na huku kama mtu anayeziba mlango, viganja vimebanwa kwenye ile rangi ya bluu. Macho wazi, yanatazama kule watu wanakotokea. Ilibidi wauguzi wawili wanaume waishushe mikono ile, mmoja upande huu na mwingine upande ule. Walichukua muda mrefu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari una mistari miwili. "Mabaki yote ya Mwitaji yamefutwa." Chini yake, bila alama ya vema: "Nimeitika, lakini sitaingia."

Fundi mwingine aliletwa. Aliikagua ile kompyuta akasema ni safi kuliko zote alizopata kuziona. Kitu kimoja tu kilimkera. Kuna folda moja, ndani haina hata faili moja, linaloonekana wala lililofichwa, na kila akijaribu kuiondoa anajibiwa kwamba si tupu. Aliiacha. Mpaka leo ipo.

Chiriku aliolewa na kaka yangu mwaka wa pili yake. Jina hilo watu wa kwetu hawalielewi, kwa sababu ni mtu wa maneno machache. Haitiki akiitwa. Ukimtaka lazima umfuate alipo, umguse bega. Kaka yangu amezoea, na watoto wao wanajua hivyo tangu walipoanza kutambaa.

Wiki iliyopita alinionyesha kile kikaratasi. Anakiweka ndani ya pochi, kwenye kitambaa. Karatasi za printa zile hazidumu, maandishi yake hufifia kwa miezi michache, na hiki kina miaka kumi na mmoja. Jina la zahanati limetoweka. Tarehe imetoweka. Namba yake ya tano imetoweka, na maneno yote pamoja nayo. Imebaki tu ile moja ya walio mbele yake, chini kabisa, nyeusi, kana kwamba imechapwa asubuhi hiyo. Nilipoigusa ilikuwa ya vuguvugu.

Nilimuuliza kwa nini hakitupi. Alinijibu kwa sauti ndogo kwamba kila siku akiamka hukifunua kabla ya kushusha miguu kitandani. Akikuta bado ni moja, anajua mama yake hajachoka, anaamka na kupika chai.